Skafu ya mjomba, kwa fremu ya vigingi

Alhamisi, mipango

Mvaaji ni mjomba wangu, dereva wa lori la viazi. Anapakia Njombe mchana, anaondoka jua likizama, na usiku wa baridi wa Juni au Julai unamkuta Makambako ama Mafinga na kioo cha mlango kisichopanda hadi juu. Nilipompigia simu kumwambia nataka kumfumia skafu, alicheka kwanza. Kisha akatoa masharti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sasa sikiliza, mpwa wangu. Isiwe na maua. Isiwe na yale matamvua, yatanasa kwenye gia. Isijikunje ikawa kamba. Rangi isiyoonyesha vumbi. Na isinichome shingo, hilo ndilo kubwa."

Hapo kazi imeshajipanga yenyewe, maana kila sharti linafunga mlango fulani.

Sharti la kujikunja ndilo zito kuliko yote. Fremu ni ubao wenye safu ya vigingi, unafumia hapo badala ya sindano. Skafu nyingi za fremu ninazoziona zimefumwa kwa kuzungusha uzi kwenye kila kigingi kama herufi e ndogo, halafu kitanzi cha chini kinavushwa juu ya kile kipya. Ni njia ya haraka na ndiyo kila mtu huanzia. Tatizo ni kwamba kitambaa chake kina upande mmoja laini tupu na wa pili nundu tupu, na kitambaa cha aina hiyo lazima kijikunje: kingo za pembeni zinakimbilia nyuma, ncha mbili zinakuja mbele. Usidanganywe na anayekuambia ukipiga pasi itakaa. Vitanzi vyote vimepindwa kuelekea upande mmoja, na hakuna kinachovuta kurudi.

Dawa ni kuchanganya. Kitanzi laini na kitanzi cha nundu vikigawana kitambaa nusu kwa nusu, mvuto wa huku unamalizwa na wa kule, na skafu inalala sawa mezani bila kushikwa. Kwa hiyo mchoro nitakaofuma una kazi ya kufanya kabla hata ya kupendeza. Nimechagua mkeka: vyumba vya laini na vyumba vya nundu vinavyopishana kama miraba ya bao la drafti, na ukigeuza kitambaa unakuta miraba ileile, ila kilichokuwa laini sasa ni nundu. Mwanaume hutupia skafu shingoni bila kuangalia upande. Skafu yenye "nyuma" haimfai.

Rangi itakuwa moja tu. Nimeona watu wakimfumia mzee mistari ya rangi tatu halafu wanashangaa kwa nini haivai. Kwa wanaume ninaowafahamu mimi, mchoro wa kugusa kwa mkono unapokelewa vizuri kuliko mchoro wa rangi.

Jumamosi, uzi

Uzi mpya unaouzwa madukani hapa mjini karibu wote ni akriliki. Si uzi mbaya. Haupauki upesi na unafulika kirahisi, ila kwa baridi ya barabarani nilitaka sufu, na sufu rahisi kuipata Njombe ni ile iliyokuja kwenye mabelo ya mitumba ikiwa imeshafumwa sweta.

Kuchagua sweta la kufumua kuna macho yake. Kwanza geuza ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi wa ovaloki, liache, hata liwe zuri namna gani: kila mstari umekatwa pembeni, na utakachopata ni vipande vya urefu wa kifua, mamia. Linalofaa ni lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, kikaunganishwa na kingine kwa uzi mmoja unaopita kwenye kingo zisizokatwa. Uzi huo ukishautoa, mgongo mzima unafumuka kuanzia juu hadi chini bila kukatika. Pili, lisiwe limeganda. Sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto inashikamana na haifumuki tena. Tatu, shingo. Nililiweka sweta chini ya sikio na kusubiri kidogo huku muuzaji akinitazama. Nywele za sufu zikiwa nene, kama maikroni 30 (sehemu 30 za elfu za milimita) kwenda juu, hazipindi zikigusa ngozi, zinachoma. Sokoni huna chombo cha kupimia maikroni, ila ngozi ya shingoni inakwambia hapohapo.

Nililochukua ni la kiume, kijivu cha mkaa, lebo inasema sufu asilimia 100 na lifuliwe kwa mkono. Lebo siiamini mpaka nichome. Nyumbani nikakata uzi wa kidole kimoja kutoka kwenye mshono nikauweka motoni: ukasinyaa, ukanuka nywele zilizoungua, ukaacha jivu jeusi linalosagika kwa vidole. Akriliki ingeyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kufumua kulimaliza jioni. Mshono wa bega unatafutwa kwanza, unakatwa uzi mmoja wa kushonea, unavutwa, na mkono wa sweta unaachia wenyewe. Uzi unaotoka umejikunja mithili ya tambi za paketi, na ukifuma nao ulivyo vitanzi vitakuja vya ukubwa tofauti. Kwa hiyo niliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, nikafunga kila fungu sehemu nne kwa kamba ya pamba, nikaloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, nikaning'iniza chini ya paa la baraza. Kila fungu chini lina chupa ya maji ya nusu lita ya kulinyoosha. Usizidishe uzito, uzi uliovutwa sana ukiwa umelowa utarudi kwenye skafu na kuifupisha.

Jumapili, fremu

Mafungu bado hayajakauka, ukungu wa leo haukuondoka hadi saa sita. Nikapata nafasi ya fremu.

Fremu za plastiki za dukani zinapatikana kwa kuagiza, lakini nyingi zina vigingi vinene vilivyoachana karibu sentimita 2, na zimekusudiwa uzi mnene kweli. Ukiweka uzi wa sweta unapata wavu. Nilitaka vigingi vilivyoachana sentimita 1 kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Basi ni kutengeneza.

Ubao ni wa msindano, mabaki kwa fundi seremala wa mtaani: urefu sentimita 45, upana 4, unene 2.5. Msindano ni mwepesi na haupasuki ukitoboa karibu karibu, mradi ukwepe fundo la mti. Nilichora mstari katikati, nikaweka alama 40, fundi akatoboa kwa keekee ya milimita 3 kwa kina cha sentimita moja na nusu. Vigingi ni vijiti vya mishikaki, vile vya mianzi, vimekatwa sentimita 4. Gundi ya mbao, nyundo ndogo, basi. Juu ya ubao kinabaki kigingi cha sentimita mbili na nusu.

Wengi hutumia misumari. Nimeiacha kwa sababu kichwa cha msumari kinakwaruza uzi kila kitanzi kinapovushwa, na sufu iliyowahi kuvaliwa haina nguvu ya kuvumilia hilo mara elfu kumi. Msumari usio na kichwa nao si dawa: ukikata kichwa, unabaki na makali. Mianzi ukiipiga msasa mara moja inateleza.

Ubavuni nilipigilia kigingi kimoja cha ziada, cha kufungia mwanzo wa uzi.

Kulabu ni spoku ya baiskeli. Ncha imepindwa kwa koleo mpaka iwe kama mdomo wa ndoana butu, ikalainishwa kwa tupa, na mpini ni kipande cha mti wa mparachichi alichokichonga fundi akingoja gundi ikauke. Mama zetu walifuma masweta mazima kwa spoku, sioni sababu ya kununua chuma kingine.

Jumatatu usiku, kipande cha majaribio

Uzi umekauka na umenyooka. Mizani ya jikoni ya jirani inasema gramu 430, baada ya kutupa vipande vifupi vya shingoni na viwikoni. Ukiuzungusha kwenye penseli bila kuvuta, mizunguko 11 inajaza sentimita mbili na nusu, yaani ni uzi wa kati. Uzi mmoja kwenye vigingi vya sentimita 1 unatoa kitambaa kinachopitisha mwanga wa taa. Nyuzi mbili kwa pamoja zinakaa vizuri.

Sasa vitanzi vyenyewe, kwa kuwa hapa ndipo fremu inapoachana na sindano.

Kitanzi laini: uzi wa kufumia unapita mbele ya kigingi, juu ya kitanzi kilichopo. Kulabu inaingia kwenye kitanzi kutoka chini, inaudaka uzi, inauvuta kushuka kupitia humo humo. Kitanzi cha zamani kinaondolewa kigingini, kipya kinavishwa mahali pake.

Kitanzi cha nundu: uzi unapita mbele ya kigingi, chini ya kitanzi kilichopo. Kulabu inaingia kutoka juu, inaudaka uzi kule chini, inauvuta kupanda. Cha zamani kinatoka, kipya kinavishwa. Ukifanya sawa, utaona kauzi kamelala kwa ulalo mbele ya kigingi. Hiyo ndiyo nundu.

Nundu inakula muda karibu mara mbili ya laini, na ndiyo sababu watu wa fremu huikwepa. Mkono unazoea ukishaacha kukaza. Kitanzi kipya kikivishwa, kiachie nafasi ya kulabu kupita bila kusukuma, maana kigingi cha duara hakina mfereji wa kukusaidia kama vile vya kiwandani.

Kipande changu kilikuwa vitanzi 20. Nusu ya chini nilipanga vyumba vya vitanzi 5 kwa mistari 5, nusu ya juu vitanzi 5 kwa mistari 7. Nikakiloweka, nikakilaza kikauke, nikapima asubuhi. Katika sentimita 10 kuna vitanzi 14 kwa upana na mistari 20 kwa urefu. Kitanzi ni kipana kuliko kilivyo kirefu. Kwa hiyo chumba cha 5 kwa 5 kimetoka na upana wa sentimita tatu na nusu na urefu wa mbili na nusu, kimebonyea. Cha 5 kwa 7 kimetoka mraba. Hesabu ya kipande hiki ndiyo itakayotawala, chochote kilichoandikwa kwenye mchoro wa mtu mwingine kinasubiri.

Mpango kamili, niuandike nisije kuutafuta:

Vitanzi 31. Vitatu vya kila pembeni ni pindo la punje, yaani laini na nundu zikipishana kitanzi kwa kitanzi na mstari kwa mstari. Katikati vitanzi 25, vyumba vitano: laini, nundu, laini, nundu, laini. Baada ya mistari 7 vinabadilishana. Mistari 8 ya punje tupu mwanzoni, 8 mwishoni. Safu 47 za vyumba. Jumla mistari 345, ambayo ni sentimita 172 na nusu, karibu sawa na kimo cha mjomba. Urefu wa skafu ya kiume ukiufananisha na kimo cha mvaaji hukosei sana: ukiikunja katikati na kupitisha ncha kwenye kitanzi, inajaa shingoni na bado mikia inafika kifuani, chini ya zipu ya jaketi.

Safu 47 na si 48, kwa sababu namba isiyogawanyika kwa mbili inafanya ncha zote zianze na kuishia kwa mpangilio uleule.

Jumatano, kuanza

Kuanzisha vitanzi kwa kuzungusha herufi e ni rahisi, ila ncha inakuja legelege na inaning'inia mawimbi. Nimetumia mnyororo: kulabu ikiwa ndani ya fremu na uzi nje, unavuta uzi kati ya vigingi viwili kupitia kitanzi kilicho kwenye kulabu, unahamia kati ya viwili vinavyofuata, unavuta tena. Kila mvuto unaacha uzi mmoja umekumbatia kigingi na mnyororo ndani. Cha mwisho unakivisha kigingi cha 31. Ncha hii itafanana na ile ya kufungia, na hakuna atakayejua skafu ilianzia wapi.

Kila mstari kigingi cha kwanza kinarukwa: uzi unapita nyuma yake na kazi inaanzia cha pili. Kinafumwa wakati wa kurudi. Pindo linatoka kama mnyororo uliolala wima, safi, wala halihitaji kushonewa chochote.

Punje haihitaji kuhesabu. Angalia kigingi: ukiona nundu, fuma laini, ukiona laini, fuma nundu.

Alhamisi

Mistari 8 ya punje na safu ya kwanza ya vyumba. Kuhesabu mistari natumia maharage saba kwenye kibakuli, kila mstari ukiisha harage moja linahamia kibakuli cha pili. Vibakuli vikibadilishana kazi, vyumba navyo vinabadilishana.

Jumamosi

Dada mmoja anayefuma kwa sindano alipita akaniachia mchoro wa skafu ya almasi ndogo ndogo, akasema nao ungempendeza mjomba. Ni mzuri kweli. Nitautunza, lakini hautumiki kwenye fremu kama ulivyo, na nieleze hapa kwa sababu naona wengi wakikwama.

Mwenye sindano anageuza kazi kila mstari. Mstari wa kwanza anatazama mbele ya kitambaa, wa pili anatazama mgongo. Mchoro wake kwa hiyo umeandikwa kwa macho mawili. Anapoambiwa "mstari wa pili wote nundu", maana yake ni nundu zinazoangukia nyuma, na mbele zinaonekana laini. Fremu haigeuzwi. Wewe uko mbele ya kitambaa mwanzo hadi mwisho, unaenda kushoto na kurudi kulia ukiutazama uso uleule. Basi kila mstari wa namba shufwa kwenye mchoro wa sindano unageuzwa: palipoandikwa laini unaweka nundu, palipoandikwa nundu unaweka laini, na unausoma kutokea upande wa pili. Mistari ya namba witiri inabaki ilivyo. Kama mchoro umechorwa kwa miraba badala ya maneno, una bahati. Miraba inaonyesha uso wa mbele tayari, unaufuata tu.

Faida ya kutogeuza ni kwamba unaona chumba kikijengeka mbele ya macho. Nundu ikiingia mahali pa laini inaonekana mstari uleule, kabla haijazikwa chini ya nyingine kumi.

Jumapili jioni

Skafu imefika safu ya 11. Mtoto wa jirani, mwenye umri wa kutaka kujua kila kitu, amekuta fremu juu ya kochi akavua vitanzi sita kimoja kimoja, kwa utulivu mkubwa, akanionyesha vijiti vitupu. Mama yake alitaka kumchapa. Nikamwambia mwache, fundi huanza hivyo.

Vitanzi vinne vilikaa palepale, sufu ina ukwaru kidogo unaoshika. Viwili viliporomoka mistari mitano. Kwenye kitambaa laini tupu ungevipandisha bila kufikiri. Hapa kila ngazi ina upande wake. Kwenye chumba cha laini, kulabu inaingia kitanzini kutoka mbele, ngazi ya uzi inakaa nyuma, unaidaka na kuivuta mbele kupitia kitanzi. Kwenye chumba cha nundu ni kinyume: ngazi unaileta mbele ya kitanzi, kulabu inaingia kutoka nyuma, inaivuta kwenda nyuma. Vitanzi vyangu viwili vilikuwa mpakani, kimoja kwenye laini na kimoja kwenye nundu, na mistari mitano ilivuka mwisho wa safu, kwa hiyo katikati ya kupanda vilibadilishana. Nilisogeza taa karibu.

Tangu leo nimeweka uzi wa ulinzi. Safu ya vyumba ikiisha, napitisha uzi mwembamba wa pamba mweupe kwa sindano ya kushonea, ndani ya kila kitanzi kikiwa kigingini. Chochote kikiporomoka kitasimama hapo. Safu inayofuata ikiisha nauchomoa na kuupandisha.

Jumatano

Fungu la kwanza limeisha. Uzi mpya sikuufunga fundo, fundo litamgusa mjomba shingoni akaulalamikia mwaka mzima. Sufu ambayo haijatiwa dawa ya kuzuia kuganda inaunganishwa yenyewe: unafungua msokoto wa ncha zote mbili kama urefu wa kidole, unazilaza moja juu ya nyingine, unalowesha kwa mate, unasugua katikati ya viganja kwa nguvu mpaka vipate joto. Magamba ya sufu yanashikana na uzi unakuwa mmoja. Akriliki haikubali hili kabisa. Kwa kuwa natumia nyuzi mbili, nimeunganisha kila mmoja mahali pake, viungo visikutane.

Ijumaa

Safu za katikati hazina habari. Jioni baada ya kazi, redio, maharage saba. Kitambaa kinazidi kuwa kizito na kuvuta vigingi kuelekea chini, nimekikunja na kukifunga kwa pini ya kufungia nguo ya mtoto ili uzito usikae kwenye vitanzi.

Kupima urefu kikiwa kinaning'inia ni kujidanganya, kinaonyesha zaidi ya kilivyo. Nakilaza mezani, nakitikisa kidogo, nakiacha kipumzike, ndipo naweka tepu.

Mjomba alipita akielekea kupakia. Akaishika, akabonyeza vyumba kwa kidole gumba, akaigeuza. "Nyuma ni wapi?" Nikamwambia hakuna nyuma. Akasema basi ifike mapema, milima ya Kipengere imeanza kutuma upepo wake.

Jumanne, kufunga

Mistari 8 ya punje imeisha. Kufunga: fuma kigingi cha 1 na cha 2. Hamisha kitanzi cha 2 kwenye kigingi cha 1, vusha kile cha chini juu ya kile cha juu. Kilichobaki kirudishe kigingi cha 2. Fuma cha 3, kihamishie cha 2, vusha. Hivyo hivyo hadi mwisho. Mkono uwe mwepesi kuliko ulivyokuwa wakati wa kufuma. Ncha ya kufungia ikikazwa, skafu inakuwa na kiuno mwishoni. Na kwenye kufunga nafuata punje: kigingi ambacho zamu yake ni laini nakifuma laini, ambacho zamu yake ni nundu nakifuma nundu, ili ncha isije ikapinda mbele.

Mikia ya uzi nimeifichia ndani ya mipaka ya vyumba, kwa sindano butu, kwenda na kurudi. Mpaka wa laini na nundu una kabonde kadogo, uzi ukiingia humo hauonekani upande wowote.

Jumatano, maji

Nusu saa kwenye maji ya vuguvugu, bila kusugua wala kuminya. Sufu inaganda kwa vitu viwili vikikutana, joto na msuguano, kwa hiyo ninachofanya ni kubonyeza tu. Kisha taulo: skafu inalazwa juu yake, inaviringwa, inakanyagwa kwa mguu mtupu. Ikafunguliwa na kulazwa juu ya godoro la chumba cha wageni, ikanyooshwa kwa viganja tu mpaka pindo zikae sambamba.

Pini sikutumia. Kitambaa cha mkeka ukikivuta na kukibana kikiwa kimelowa, vyumba vinalala na ule uvimbe unaoshika hewa unakwisha. Hewa iliyonaswa ndani ya uvimbe huo ndiyo inayozuia baridi, uzi wenyewe ni ukuta tu wa kuishikilia.

Ijumaa

Imekauka. Upana sentimita 22, urefu 174, uzito gramu 248. Imelazwa mezani haijajikunja popote, hata kwenye ncha.

Mjomba ameichukua leo jioni. Ameipitisha mara mbili shingoni, akafunga zipu, akageuza kichwa kushoto na kulia kama anaangalia vioo vya lori. "Haichomi," akasema. Kisha akauliza kama uzi uliobaki unatosha mzula.

Unatosha, gramu 180 na kitu. Ila ubao wangu ni wa mstari mmoja, kwa hiyo mzula utafumwa bapa na kushonwa nyuma, na mshono utakaa kisogoni anapoegemea kiti. Afadhali nimwombe fundi anikatie ubao wa duara. Mzunguko wa kichwa chake ni sentimita 58. Kwa vitanzi 14 kila sentimita 10, na mzula ukiwa mdogo kidogo kuliko kichwa ili ubane, vigingi 74 hivi. Vyumba vya 5 havitaingia sawasawa humo, ila mbavu za mbili kwa mbili (laini mbili, nundu mbili) zinataka namba inayogawanyika kwa 4, basi 72. Keekee ya milimita 3 bado iko kwa fundi, na vijiti vya mishikaki vimebaki nusu paketi.